Kocha Mpya, Uwanja Ule Ule

Timu ya shule ikibanduliwa kwenye zoni, Yatta nzima huwa na dawa moja: tuletewe kocha mwingine. Husemwa kwenye mkutano wa wazazi, husemwa kwenye kijiwe cha boda, husemwa hata na mwalimu wa hesabu ambaye hajawahi kukanyaga uwanja. Na kila baada ya miaka michache dawa hiyo hutolewa kweli. Mwalimu mpya huripoti, akaonekana na filimbi shingoni, vijana wakaanza kukimbizwa kuuzunguka uwanja kabla jua halijatoka, na muhula wa pili ukifika watu hujaa pembeni mwa chaki kungoja miujiza. Mara chache miujiza huja. Mara nyingi haiji, na yule mwalimu aliyepokelewa kwa vigelegele huwa ndiye sababu mpya ya kutafuta mwingine.

Swali la kama kocha mpya hutosha linaulizwa kote Kenya, lakini nalichukua kutoka Katangi kwa makusudi, kwa kuwa Katangi haina cha kujifichia. Ni wadi moja kati ya tano za eneobunge la Yatta, kaunti ya Machakos, pamoja na Matuu, Kithimani, Ndalani na Ikombe. Wenzao wa Matuu na Kithimani wana mfereji wa Yatta, ule uliochimbwa na mahabusu wakati wa ukoloni miaka ya 1950, na ukipita huko unaona maembe, mboga na majani mabichi. Katangi iko upande ambao mvua ndiyo mfereji. Shule zake nyingi ni za kawaida, hazina majina makubwa wala wafadhili, na viwanja vyake vina rangi ya udongo miezi mingi ya mwaka. Kama kuna namna ya kujenga timu inayoshinda hapa, namna hiyo itafanya kazi karibu popote. Kama kinachohitajika ni kocha tu, hapa ndipo kingeonekana waziwazi.

Tuanze na kocha mwenyewe, kwa sababu ndiye anayeimbwa na ndiye anayelaumiwa. Wamarekani wamelipima jambo hili kuliko mtu yeyote. Soka lao la vyuo, lile la kubeba mpira mkononi na kuvaa kofia ngumu, ni biashara ya mabilioni, na katika majimbo mengi kocha wa chuo cha umma ndiye mfanyakazi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa zaidi, kumpita hata gavana. Mwaka 2013 wasomi watatu, Adler, Berry na Doherty, walichapisha utafiti uliolinganisha vyuo vilivyomfukuza kocha na vyuo vya hali ileile ambavyo vilivumilia. Timu zilizokuwa mbovu kabisa hazikupata faida yoyote ya maana kwa kubadilisha kocha. Zile za katikati, zisizo mbovu wala nzuri sana, zilifanya vibaya zaidi baada ya mabadiliko kuliko wenzao waliobaki na kocha wao. Utafiti uliofanywa Uholanzi kuhusu ligi yao kuu ya kandanda ulifikia karibu mahali pale pale: timu hupanda baada ya kocha kufukuzwa, ila hupanda vilevile hata asipofukuzwa, maana kocha hufukuzwa timu ikiwa shimoni, na aliye shimoni hana pa kwenda ila juu.

Hapo msomaji atanikatiza. Je, Benni McCarthy? Alikabidhiwa timu ya taifa, Harambee Stars, Machi 2025, na Agosti mwaka huohuo timu iliyokuwa ikidharauliwa ikaongoza kundi la michuano ya CHAN lenye Morocco, Angola, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa pointi 10, kabla ya kutolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti kwenye robo fainali. Na Etienne Ndayiragije, Mrundi aliyeichukua Kenya Police msimu ukiwa tayari unaendelea na kumaliza nayo akiwa bingwa wa ligi kuu 2025? Ni kweli, na siwanyimi sifa zao. Lakini tazama walichokuwa nacho mkononi. McCarthy aliita wachezaji kutoka klabu zote za nchi, akamwacha asiyemtaka. Ndayiragije alikuta klabu yenye mshahara unaolipwa na wachezaji waliokwisha kukomaa. Kocha wa namna hiyo hupanga upya vyombo vilivyomo ndani ya nyumba. Mwalimu wa michezo wa shule ya Katangi hukabidhiwa kiwanja kitupu, akaambiwa aonyeshe nyumba kufikia Juni.

Hesabu ya shule ni ya aina nyingine kabisa, na kwa maoni yangu hapa ndipo wengi wanapokosea. Chukua kikosi cha vijana 22 waliogawanyika sawasawa katika vidato vitatu vya juu. Kila Novemba, mtihani wa KCSE ukiisha, 7 au 8 kati yao huondoka wasirudi, nao ndio wakubwa, wenye nguvu, wanaojua kutuliza mchezo dakika za mwisho. Klabu ikimpoteza kiungo wake, humnunua mwingine Januari. Shule humpoteza kiungo, beki wa kati na kipa siku moja, na haina soko la kwenda. Kwa hivyo kocha aliyeshinda mwaka wake wa kwanza ameshinda kwa vijana aliowakuta; sifa ni ya aliyemtangulia. Na aliyeshindwa mwaka wa kwanza hajashindwa bado kwa kitu alichokijenga yeye. Mwaka wa kwanza hausemi lolote juu ya kocha. Wa pili unasema kidogo. Wa tatu ndio mizani. Nick Saban, anayetajwa kuwa kocha mkubwa kuliko wote katika soka la vyuo la Marekani, alimaliza msimu wake wa kwanza Alabama mwaka 2007 kwa kushinda mechi 7 na kupoteza 6. Msimu wa 2009 alikuwa bingwa wa taifa. Angekuwa Yatta, asingefika 2009.

Kalenda nayo haina huruma. Kandanda ya shule za upili Kenya huchezwa muhula wa pili. Shule hufunguliwa mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, na wiki chache tu baadaye mechi za zoni zimeanza, kisha kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha kanda, kisha kitaifa, halafu kwa wachache Michezo ya Shule za Afrika Mashariki. Ukifungwa zoni, msimu wako umekwisha baada ya mechi tatu au nne. Mwalimu anayengoja muhula wa pili aanze kuchagua timu amekwisha kuchelewa kabla ya kupuliza filimbi. Timu za kweli hujengwa muhula wa kwanza, wakati shule inashughulika na riadha na mpira wa vikapu na hakuna mtu anayeuliza habari za soka, na muhula wa tatu, wakati kidato cha nne wamejifungia na vitabu na uwanja umebaki mikononi mwa wadogo. Ukitaka kujua kama shule ina mradi au ina bahati tu, pita uwanjani kwake mwezi wa Septemba saa kumi jioni. Ukikuta mbuzi, umepata jibu.

Fedha nitazipitia haraka, ingawa hesabu yake inafaa kujulikana na kila mzazi. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi mmoja wa shule ya upili ya kutwa uliwekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka, na ndani yake shilingi 1,500 zimetengewa shughuli za nje ya darasa. Shule yenye wanafunzi 300 ingepata, kwenye karatasi, 450,000. Kiasi hicho kinasikika kikubwa mpaka uanze kukigawa: tamasha la muziki, drama, maonyesho ya sayansi, riadha, voliboli, netiboli, na ndipo soka. Toa mafuta ya basi hadi Machakos mjini na kurudi, toa chakula cha vijana 20 na walimu wao siku ya mechi. Na karatasi si benki. Mwaka 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi alikiri mbele ya wabunge kwamba hazina haiwezi kuutoa mgao wote, na kwamba kinachopatikana ni karibu shilingi 16,900 kwa kila mwanafunzi. Kwa hivyo kocha anapomwomba mwalimu mkuu mipira sita na kupewa miwili, si lazima kuwe na uchoyo hapo. Ila kuna walimu wakuu wanaotafuta ule wa tatu, na kuna wasiotafuta, na kocha mpya mwenye akili hupima hilo wiki ya kwanza, ofisini, kabla hajawatazama vijana.

Kwamba shule isiyo na jina, katika kaunti hii hii ya Machakos, inaweza kufika juu kabisa si ndoto. Kwanthanze wamefanya hivyo. Wasichana wa shule hiyo, chini ya Mwalimu Justin Kigwari, wamekuwa mabingwa wa voliboli wa taifa na wamevuka mipaka kucheza na shule za Uganda, Rwanda na Tanzania. Kabla yao, ungemwambia mtu wa Nandi au wa Kakamega kwamba voliboli ya wasichana itatawaliwa kutoka Ukambani, angekucheka. Leo hacheki.

Nimesikia watu wakisema Kwanthanze ni ushahidi kwamba tunahitaji “Kigwari wetu” wa kandanda. Mimi naona ushahidi wa kitu kingine. Voliboli huchezwa na watu sita. Ukipata wasichana wawili warefu wenye mkono mzito na mmoja wa kupanga mipira, tayari una uti wa mgongo wa timu, na kikosi kizima hutosha kwenye matatu moja. Uwanja wake ni mita 18 kwa 9. Unaweza kufagiliwa, ukanyunyizwa maji kwa ndoo, ukawa tayari. Soka hutaka 11, na wengine saba wa akiba ambao si wa kujazia benchi, na ekari karibu mbili za ardhi isiyovunja vifundo vya miguu. Gharama ya kufika kileleni ni kubwa mara kadhaa, na wapinzani ni wengi zaidi, kwa maana hakuna shule ya wavulana isiyo na timu ya soka. Somo la Kwanthanze liko kwingine: mwalimu yuleyule, mchezo uleule, mwaka baada ya mwaka, hadi msichana wa darasa la saba aliye vijiji vitatu mbali akaanza kusema mwenyewe kwamba anataka kwenda kule. Mtiririko huo ukishaanza, kocha hatafuti tena wachezaji. Wachezaji humtafuta yeye. Kuufikisha hapo ndiyo kazi yote.

Ndivyo ilivyo kwa majina makubwa ya soka. Kakamega High, Green Commandos, haikuwa na nyasi za ajabu wala mbinu za siri. Ilikuwa na sifa, na sifa ilileta vijana, na vijana walileta vikombe, na vikombe vilileta sifa. St Anthony’s ya Kitale chini ya Peter Mayoyo ni hivyohivyo. Kijana wa Trans Nzoia anayejua kupiga chenga anajua pia atakwenda shule gani, na mzazi wake anajua. Uganda wameipeleka hesabu hii hadi mwisho wake. St Mary’s Kitende ni shule ya Lawrence Mulindwa, aliyekuwa rais wa shirikisho la soka la nchi hiyo kuanzia 2005 hadi 2013, na klabu yake ya Vipers ina uwanja palepale Kitende. Kijana husoma, hucheza, humaliza, huvuka ua, huanza kulipwa. Vipers walipofika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2022/23, wakiwa wameitoa TP Mazembe, sehemu ya safari hiyo ilianzia kwenye kengele ya shule. Na Bukedea Comprehensive, shule ya Anita Among, aliyechaguliwa Spika wa Bunge 2022, huko mashariki mwa Uganda, imeonyesha kwamba ukiwa na fedha za kuwasomesha vijana bure unaweza kufupisha safari ya miaka 20 ikawa ya miaka michache tu.

Njia hiyo ya Bukedea inavutia, nami naelewa kwa nini. Hata Marekani ipo: kocha Deion Sanders alipofika Colorado, chuo kilikuwa kimetoka kushinda mechi moja na kupoteza 11 mwaka 2022, akaondoa karibu kikosi kizima, akaleta wachezaji kutoka vyuo vingine, na kufikia 2024 wakashinda 9 na kupoteza 4. Lakini Katangi haina Deion wala spika. Inapojaribu njia ya mkato, mkato wake huwa ule tunaoujua sote na tusiopenda kuutaja: mamluki na vijeba. Kijana aliyemaliza shule miaka miwili iliyopita anarudishwa kwa jina jingine. Mwenye ndevu anavaa jezi ya kidato cha pili. Tangu wanafunzi waanze kusajiliwa kwenye mfumo wa NEMIS 2017, imekuwa vigumu zaidi, ila haijawa muhali. Acha suala la maadili kando kwa dakika moja. Hata kwa hesabu kavu ya ushindi, kijeba ni hasara: anakaa kwenye nafasi ambayo mtoto wa kidato cha pili angejifunzia, anaondoka baada ya wiki sita, na rufaa moja ya wapinzani inafuta mwaka mzima. Kocha aliyeanza na vijeba wanne huhitaji wanne wengine mwaka ujao. Huyo hajengi, anakodisha.

Sasa uwanja. Nilisimama mwaka mmoja pembeni mwa mechi ya zoni upande wetu huu wa Machakos, na kwa dakika 20 za kwanza sikuona pasi tatu mfululizo zikikamilika chini. Si kwamba vijana hawakujua. Mpira uligonga kokoto ukaruka hadi kifuani. Kiungo mwembamba wa upande mmoja, mzuri kuliko wote waliokuwepo, alipokea kila pasi kwa goti. Timu iliyoshinda ilikuwa na beki mwenye mguu mrefu na mshambuliaji anayekimbia. Piga mbele, kimbiza. Ilifaa kabisa. Na ndiyo maana, nadhani, timu nyingi za ukanda mkavu hushinda nyumbani kisha huyeyuka zikifika kwenye michuano ya kanda au taifa, ambako viwanja vina nyasi na mpinzani anaweza kuuzuia mpira dakika nzima bila kukuonyesha. Kathungi ya Kitui imewahi kuiwakilisha Mashariki kitaifa. Kufika si muhali. Tatizo ni kukaa huko. Uwanja wa nyumbani unakufundisha mchezo unaokuvusha zoni na kukufungisha kanda, na kocha mpya ana uamuzi wa kufanya ambao hakuna atakayemsaidia: ashinde mwaka huu kwa mipira mirefu, au awafundishe vijana pasi fupi kwenye kokoto na kumeza vipigo vya mwanzo?

Mimi ningemshauri asichague kimoja. Acheze mipira mirefu siku ya mechi, ila mazoezi yafanyike kwenye kipande kidogo. Mita 20 kwa 20 zinaweza kuokotwa mawe na darasa moja kwa alasiri moja. Watano kwa watano, siku nne kwa wiki. Mambo haya hufundishwa hata kwenye kozi ya leseni ya chini kabisa ya CAF, ile ya daraja D, na ajabu ni kwamba walimu wengi wanaobebeshwa mizigo ya michezo shuleni hawajawahi kupelekwa hata kwenye kozi hiyo. Shule hununua seti mpya ya jezi kwa furaha na hulalamika kulipia kozi ya mwalimu. Jezi huonekana kwenye picha.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wa mjini hawalizungumzii kwa sababu hawalioni. Chakula. Kijana wa shule ya kutwa huko Katangi huamka gizani, akatembea kilomita kadhaa, akasoma hadi saa kumi. Mlo wake mzito ni ule wa saa saba, na kama karo ya chakula haijalipwa, huenda hakuna. Halafu umwambie akimbie saa moja na nusu, kisha atembee tena nyumbani, ambako mwaka wa ukame kuna mtungi unaomsubiri. Yatta imekuwa na miaka ya mwolyo, miaka ambayo jikoni kulikuwa na kile tu kilichotoka kwenye lori la msaada. Kocha anayeona kijana “mvivu” dakika ya 60 na kumzomea anapaswa kwanza kuuliza alikula nini. Kikombe cha uji saa kumi, kabla ya mazoezi, kitaleta mabao mengi kuliko ubao wa mbinu. Kwa vijana 25 ni unga wa kilo kadhaa kwa wiki na kuni. Kamati ya wazazi haina fedha za kujenga jukwaa, lakini gunia la wimbi hailikosi.

Na mzazi? Mzazi wa Kikamba hana ugomvi na mpira. Ana hofu ya karo iliyotoka kwenye mbuzi na ndengu kugeuka alama ya D. Ni hofu halali, na kocha akiipuuza atampoteza mchezaji wake bora Mei ya kidato cha nne, wiki mbili kabla ya zoni. Mfano ninaoutumia kila nikijadiliana na wazazi ni Michael Olunga. Alisoma Upper Hill, akaingia Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kusomea uhandisi huku akicheza, na mwaka 2020 alifunga mabao 28 kwenye ligi ya Japani akiwa na Kashiwa Reysol, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima. Mpira haukumtoa shuleni. Mfano mmoja, ndiyo, na Olunga ni mmoja kati ya maelfu. Sidanganyi mtu kwamba kila kijana wa Katangi atakwenda Japani. Lakini kocha anayetembelea chumba cha walimu kuuliza alama za wachezaji wake, na kumweka benchi anayekwepa somo, hupata kwa mzazi kitu ambacho kikombe hakikipati, nacho ni ruhusa.

Kama mimi ndiye ningekabidhiwa kazi hiyo na kuulizwa nianze wapi, ningeanza na wasichana. Najua sivyo watu wanavyotarajia. Lakini kwa wavulana unaingia foleni ndefu ambayo Kakamega na Kitale wamekaa mbele kwa miongo, ilhali soka la wasichana bado lina nafasi, na shule iliyojipanga inaweza kupanda haraka. Oktoba 2024, Junior Starlets chini ya Mildred Cheche wakawa timu ya kwanza ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA, huko Jamhuri ya Dominika, wakaifunga Mexico 2-1. Walikuwa wasichana wa chini ya miaka 17, umri wa kuwa darasani. Na kama mtu bado anauliza nani atawafundisha, Beldine Odemba amewafundisha wavulana wa shule ya Highway, Nairobi, akachukua ubingwa wa klabu wa Cecafa na Kenya Police Bullets 2024, kisha akaiongoza timu ya taifa, Harambee Starlets, kufuzu kwa Kombe la Afrika la wanawake baada ya kuitoa Gambia 2025. Kocha mzuri hupatikana. Kinachokosekana ni jozi 18 za njumu zinazowatosha wasichana na mwalimu mkuu asiyeona ajabu.

Turudi kwa yule mwalimu mwenye filimbi, maana kuna jambo linaloweza kumwangusha hata akifanya yote haya sawasawa. Hamiliki kazi yake. Ameajiriwa na tume ya walimu, TSC, kufundisha, tuseme, biolojia. Kandanda ni nyongeza isiyo na malipo. Sera ya kuwahamisha walimu nje ya kaunti zao iliposhika kasi 2018, timu ngapi zilivunjika kwa barua moja? Hakuna aliyehesabu, kwa sababu fomu ya uhamisho haina mstari wa kuandika kwamba mtu huyu ana vijana 30 wa kidato cha pili wanaomsubiri saa kumi. Kisha ukaja ugonjwa wa korona, michezo ya shule ikasimama hadi 2022, na shule nyingi zikajikuta na kidato cha tatu ambacho hakijawahi kuiona timu ya shule ikicheza mechi ya mashindano. Mazoea ya timu hukaa kwa watu: nani hufua jezi, nani humfundisha kipa mdogo, wimbo gani huimbwa kwenye basi. Watu wakiondoka, nayo yameondoka. Ndiyo maana shule zinazodumu huwa na msaidizi ambaye si wa TSC, mara nyingi mchezaji wa zamani wa hapohapo kijijini, anayelipwa kidogo na bodi ya shule. Kocha mkuu akihamishwa, yule hubaki na funguo za stoo.

Yaliyosemwa hadi hapa yangetosha kama shule zingekuwa zilezile. Si zilezile tena. Darasa la mwisho la KCPE lilifanya mtihani 2023 na kuingia kidato cha kwanza 2024. Mwaka 2025 shule za upili hazikupokea mtu yeyote mpya. Januari 2026 gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya ikaingia, na 2027 kidato cha nne cha mwisho kitafanya KCSE. Kwa macho ya kocha, maana yake ni mbili. Ya kwanza ni pengo: kuna mwaka mzima ambao hakuna mchezaji hata mmoja aliyeingia, na pengo hilo litatembea ndani ya kikosi hadi litoke upande wa pili. Ya pili ni nzito zaidi. Sekondari ya juu ni miaka mitatu, si minne. Kijana anaingia Januari, anajua njia ya maktaba Machi, anacheza mechi yake ya kwanza Juni, na amebakiwa na misimu miwili. Ule mwaka wa kidato cha kwanza, ambao makocha wazuri waliutumia kumfundisha mtoto bila kumchezesha, umefutwa.

Umehamia wapi? Umehamia sekondari msingi, gredi ya 7 hadi ya 9, ambayo iko kwenye viwanja vya shule za msingi, chini ya mwalimu mkuu mwingine, mara nyingi bila mwalimu wa michezo kabisa. Wizara imeunda mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo kwa sekondari ya juu, na ni jambo jema, ingawa ni shule chache vijijini zitakazoruhusiwa kuufundisha bila vifaa. Lakini mkondo hauletei shule mchezaji. Mchezaji yuko kule nyuma ya uzio wa shule ya msingi.

Hivyo basi kocha atakayeshuka kwenye matatu pale Katangi mwaka huu, aliyeitwa ili timu ipite zoni Juni, ana timu mbili. Moja ni ile atakayoikuta uwanjani Jumatatu, na hiyo ataishona kwa alichopewa. Ya pili iko gredi ya 7. Itaingia gredi ya 10 mwaka 2029, kama itachagua kubaki, kama hakuna shule ya Machakos mjini itakayomwona kiungo wake mwembamba kabla ya kocha huyu. Jumamosi asubuhi, akiwa na mpira mmoja wa ziada na boda ya kumpeleka, anaweza kwenda kuitazama. Kwa sasa inachezea mpira wa matambara na nailoni, na milango yake ni mawe mawili na shati la shule lililovuliwa.